Pembe Iliyokatwa

Walikukata pembe huko Lilongwe,
mkasi mmoja tu, kwap! kona ya juu kulia,
wakanirudishia pamoja na mwenzio mpya
anayenuka gundi na asiyejua lolote.

Hapa Hombolo mbuzi hukatwa sikio
ili hata akipotelea zizi la jirani
aseme bila kusema: mimi ni wa Ndahani.
Wewe umekatwa useme kinyume chake,
mimi si wa mtu tena.
Lakini ukurasa wa kumi na nne
kibali changu cha ukaazi bado ki hai,
kimebakiza miezi kumi na moja,
kimelala tumboni mwako kama mtoto
aliyesinzia ndani ya nyumba iliyokwisha kuuzwa.

Basi nikawafunga wawili kwa mpira wa noti,
nikadandia lori la zabibu alfajiri.
Agosti. Upepo wa Dodoma
ulikagua karatasi zangu kabla ya mtu yeyote:
barua ya mume, cheti cha ndoa,
picha nne zenye bluu nyuma yake.
Picha moja uliondoka nayo.
Huenda mpaka sasa nimenasa kwenye miiba huko Ihumwa,
nawakodolea macho wapita njia,
masikio yote mawili nje, kama walivyoagiza.

Dirisha la tatu, Afande Radhia
akafungua mmoja, akafungua wa pili.
"Mama, huku ni Tamandani Kachale,
huku ni Tamandani Ndahani.
Aliyekuja leo ni yupi?"
"Wote wawili," nikasema. "Tumepanda lori moja."
Hakucheka.
Aligonga muhuri juu ya kitu kingine kisichonihusu.

"Weka kidole."
Dole gumba: mashine ikanikana.
Cha shahada, ikanikana.
Cha kati, ikawasha taa nyekundu kabla sijakibandika vizuri.
Miaka tisa ya kupogoa mizabibu
imenifuta mistari,
nimekuwa laini kama kokoto la korongoni.
Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.
Ndipo akavuta mkoba wake, akatoa mafuta ya mgando,
akanishika mkono kama anayemwosha mtoto.
"Mama yangu kule Kondoa, mchi ulimfanya hivi hivi.
Siku ya kitambulisho alirudi nyumbani analia."
Akapaka, akafuta kwa pamba, akapaka tena.
Kidole cha mwisho, cha kushoto,
mvivu wa ukoo mzima, asiyejua mkasi wala jembe,
ndicho kilichonitaja kwa jina.

Wiki tatu.
Kibali kimehamia kwa mwenzio, kimekaa wima
kama mgeni kwenye sofa lenye nailoni.
Kuna ambavyo havikuhama.
Mihuri ya Songwe, mmoja juu ya mwingine.
Doa la zabibu nyeusi ukurasa wa tisa.
Namba ya simu ya mama,
niliyoiandika kwa penseli stendi ya Mbeya
usiku ule niliokuja,
simu isiyopokelewa tangu mwaka juzi.
"Hiki cha zamani nikitupe?"
"Thubutu," akasema Afande. "Watakuuliza."

Jioni umeme ulikuwa umekatika.
Ndahani alikupokea gizani,
akapapasa kwa kidole gumba pale palipokatwa,
taratibu, mara mbili,
vile anavyopapasa sikio la mbuzi aliyechelewa kurudi.
"Huyu wetu," akasema,
akausogeza mlango.